Manju Aliyecheza Chini ya Maji

Bujiku alipokuwa akidanganya hatukupata hasara yoyote. Hasara tuliipata siku alipoamua kusema kweli!

Uongo wake tulikuwa tumeuzoea. Alituambia aliwahi kumzaba chui kofi. Tukasema sawa. Alituambia mgodi wa Geita ulifungwa kwa sababu yeye aliacha kazi. Tukasema sawa, Wazungu wangeweza vipi bila wewe! Alituambia ana jino la dhahabu, ila liko nyuma sana, halionekani. Tukasema sawa, basi funga mdomo lisije likaibwa.

Tulimvumilia kwa sababu alikuwa manju wetu. Manju, kwa asiyejua, ndiye mtunzi na kiongozi wa ngoma, na Bujiku akicheza hata mbuzi waliacha kula. Miguu yake ilikuwa na akili kuliko kichwa chake.

Nawe usiye wa huku kwetu, ngoja nikueleze tunavyoshindana. Tukishavuna, Wasukuma tunagawanyika: wengine Bagika, wengine Bagalu. Mimi ni Mgika, mpiga ngoma kubwa, na nitazikwa Mgika. Siku ya mashindano kundi hili linacheza hapa, lile linacheza pale, kwa wakati mmoja, na watazamaji wako huru kukimbia huku na huku. Firimbi ya mwisho ikilia, mwenye watu wengi ndiye mshindi. Basi! Hata ukicheza umelala, ilimradi watu wanakutazama.

Kwa hiyo kila manju hutafuta dawa ya kuvuta watu, tunaiita samba, na juu ya dawa huweka kituko.

Kituko cha Mabula, manju wa Bagalu wa kijiji cha Nyakasenga kule ziwani, kilikuwa meno. Mabula aliinua baiskeli ya Foniksi kwa meno huku akicheza! Baiskeli nzima, na kerieri yake, na gunia la viazi juu ya kerieri! Watu walitoka hata Runzewe kuja kuyaona yale meno.

Mabula alikuwa pia na binti, jina lake Limi. Hapo ndipo Bujiku alipoingia mtegoni. Alimpenda Limi kiasi kwamba aliacha kujisifu kwa wiki nzima, tukadhani anaumwa.

Wazee wetu walikataa kwenda kumposea mke kwa Mgalu. Akaenda mwenyewe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kuazima meno?"

"Nimekuja kwa ajili ya Limi."

Mabula akamtazama kuanzia kandambili mpaka kofia. "Sikiliza, kijana. Binti yangu simpi manju wa kushindwa. Mwaka huu ngoma inachezwa hapa hapa Nyakasenga. Ukishinda, njoo na wazee wako tuzungumze. Ukishindwa, jina la Limi lisitoke tena kinywani mwako."

"Nitashinda!"

"Kwa kituko gani?"

Bujiku hakuwa na kituko. Lakini mdomo wake haukuwahi kumsubiri. Akageuka, akaona ziwa, akaona bomba la moshi limechomoza majini, na ndege mweusi amekaa juu yake.

"Nitaingia ndani ya boti!"

Boti ile kila mtu aliijua. Ilikuwa ya Mhindi mmoja mwenye maduka, ikazama kabla ya Uhuru mbele ya ufuko wa Nyakasenga, ikiwa imejaa masufuria na majora ya vitambaa. Ilikuwa na kengele ya shaba, na bibi zetu walisema dhoruba ikija kengele ile hulia yenyewe huko chini. Wavuvi waliikwepa kwa sababu ilirarua nyavu. Sisi wengine tuliikwepa kwa sababu tulikuwa na akili.

"Nitaitoa ile kengele," alisema Bujiku, "na nitaipiga mbele ya umati wote! Baba mkwe, injika chai!"

Mabula alicheka mpaka akashika meno yasimtoke.

Sasa, hapa ndipo ukweli unapoanza, na ndiyo maana naogopa kuusimulia. Bujiku alikuwa anajua kuzamia! Mgodi ulipofungwa mashimo yalijaa maji, akaja Mzungu mmoja mpimaji, Bwana Clemens, kuyakagua. Alikuja na nguo ya mpira, miwani mikubwa ya kioo, mtungi wa hewa wa kubeba mgongoni na miguu ya bata ya mpira. Bujiku alikuwa mbebaji wake, na yule Mzungu, kwa kukosa mwenzake, akamfundisha. Wakawa wanazamia kwa zamu, na Bujiku hakuwahi kutuambia, maana alijua mambo ya kweli hayana utamu. Kisha malaria ikamshika Bwana Clemens, akalazwa hospitali ya Kolandoto, na kutoka huko akapanda ndege kwenda kwao. Vyombo vikabaki uvunguni kwa Bujiku, na mtungi ulikuwa bado na hewa.

Limi alimfuata Bujiku njiani.

"Bujiku, unajua kwa nini nakupenda?"

"Kwa ushujaa wangu."

"Kwa miguu yako, mjinga wewe! Cheza tu. Ukicheza tu, baba hakuwezi hata akiinua trekta."

"Nitacheza. Chini ya maji."

"Na huko chini nani atakuona?"

Bujiku akacheka kwa huruma, kama mwalimu. "Wanawake mna maswali!"

Laiti angemsikiliza, ndugu zangu! Swali lote la siku ile lilikuwa lile moja.

Siku ikafika. Ufuko wa Nyakasenga ulijaa watu mpaka mchanga ukapotea. Uwanja wetu ulikuwa huku, uwanja wa Bagalu kule, na katikati ghuba ndogo yenye boti yake. Katibu Tarafa, Bwana Eustace, alipanda juu ya Landrova yake na firimbi shingoni ili aone umati wa pande zote. Kando ya Landrova alifungwa fahali wa zawadi, mweusi, mnene, ana nundu inayotikisika. Nilipomwona yule fahali nilimeza mate, sifichi.

Tulimvisha Bujiku nyuma ya kichaka. Bwana Clemens alikuwa mwembamba, Bujiku si mwembamba. Ilibidi tumpake samli mwili mzima, na ndani ya samli tukachanganya samba yote tuliyokuwa nayo, ya mwaka ule na ya mwaka uliofuata. Tukavuta. Tukasukuma. Nguo ikaingia kwa mlio wa kutisha, na Bujiku akatoka kichakani anang'aa, mweusi tii, jicho moja kubwa la kioo usoni, mtungi mgongoni, anainua miguu ya bata juu juu kama mtu anayepita kwenye miiba.

"Mayu wane, mama yangu!" alipiga kelele Bernadina, muuza karanga, akatupa ungo wake. "Kiboko amesimama!"

Na watu wakaja! Ooh, walikuja! Waliuacha uwanja wa Bagalu kama nyumba inayoungua. Walikuja wazee wenye mikongojo, walikuja wenye baiskeli, alikuja hata mke wa Mabula. Kule Mabula alibaki na Foniksi mdomoni na mtazamaji mmoja, naye alikuwa amelala. Mimi niliipiga ngoma yangu kwa furaha mpaka nikaona nyama ya fahali imeshaiva.

Kabla ya kuingia majini Bujiku alimwita Stanslaus.

Stanslaus ni binamu yake, na sifa yake ni utii. Ukimwambia Stanslaus kaa hapa, utamkuta hapo wiki ijayo, ana njaa, amekaa. Tulikuwa tumeunganisha kamba za kufungia marobota ya pamba zikawa kamba moja ndefu. Bujiku alijifunga ncha moja kiunoni, ya pili akampa Stanslaus.

"Huko chini kuna tope, sitajua kushoto wala kulia. Nikishapata kengele nitaifuata kamba hii mpaka nje. Usiiachie!"

"Siiachii."

"Litokee lolote, Stanslaus!"

"Nimesema siiachii."

Bujiku akaweka mpira wa hewa mdomoni, akatupungia mkono, akaingia ziwani kinyumenyume. Maji yakafika kifuani. Yakafika shingoni. Yakamfunika. Umati ukapiga vigelegele vya kutikisa miti!

Kisha tukasubiri.

Tukatazama maji. Maji yakatutazama.

Yakatokea mapovu. "Mapovu!" watu wakashangilia. Yakatokea mapovu mengine. Watu wakashangilia kidogo. Yakatokea mapovu mengine tena, na mzee mmoja mbele yangu akapiga miayo.

"Sasa anafanya nini?" aliuliza.

"Anaingia kwenye boti," nikamjibu.

"Mbona simwoni?"

"Yuko chini ya maji, babu."

"Aa," akasema. "Basi akitoka mtaniita." Akachukua mkongojo wake.

Hapo nikaelewa. Bujiku alikuwa amefikiria kila kitu, samba, samli, kamba, mtungi. Hakufikiria kwamba ngoma ni ya kutazamwa! Kituko kikubwa kuliko vyote vilivyowahi kufanywa Usukumani kilikuwa kinafanyika wakati ule ule mbele yetu, na aliyekuwa akikitazama ni samaki.

Mabula naye hakulala. Alichukua Foniksi, akapakia viazi, na juu ya viazi akamkalisha mama mkwe wake! Akauma fremu, akainua! Umati ukasikia kelele kule, ukageuza shingo, ukageuza mabega, ukaanza kuondoka mmoja mmoja kwa adabu, kama watu wanaotoka kanisani kabla ya mahubiri kwisha.

Nilipiga ngoma mpaka ngozi ikalia. Nusu ya watu walibaki, na hawa walibaki kwa sababu walitaka kujua kama Bujiku ameshakufa. Bernadina alikuwa ameshaanza kutafuta sauti ya kulilia.

Sasa niwaambie ya huko chini. Haya niliyapata kwa Bujiku mwenyewe, kwa hiyo gawanyeni kwa mbili.

Anasema maji yalikuwa ya vuguvugu kama uji wa mtoto, na mwanga wa jua ulishuka ndani yake wa kijani. Anasema boti ilikuwa imekaa wima, nzima, imeota majani, na samaki furu wadogo wa kila rangi waliingia na kutoka madirishani kama abiria. Alipita mlangoni. Masufuria ya Mhindi yalikuwa bado yamepangwa, na ndani ya kila sufuria alikuwamo sato, amejituliza, anasubiri kuiva. Kwenye chumba cha nahodha alimkuta kambare mkubwa, mwenye ndevu, amekaa kwenye kiti.

"Nilimwamkia," anasema Bujiku.

"Ulimwamkia kambare?"

"Alikuwa mtu mzima! Nikamwambia shikamoo. Yakatoka mapovu. Naye akatoa mapovu."

Anasema furaha ilimjaa mpaka akacheza. Alicheza ndani ya boti iliyozama, bila uzito, miguu juu, kichwa chini, anazunguka, na samaki wote wakamzunguka duara. Anasema hajawahi kucheza vile tena. Hili mimi nalisadiki lote bila kugawanya, na mpaka leo linaniuma kwamba sikuliona.

Kengele aliikuta inaning'inia ilipokuwa tangu zamani. Akaikata, akaibana kwapani, akashika kamba, akaanza kuifuata kurudi nyumbani.

Turudi nchi kavu. Bwana Eustace juu ya Landrova alikuwa anatazama huku, anatazama kule, huku, kule, anatoka jasho. Watu walikuwa sawa! Mtu mmoja tu akihama, ng'ombe anahama. Akaweka firimbi mdomoni asubiri jua lifike kilimani, ndipo aipulize ya mwisho.

Ndipo yakatokea yale maajabu. Nyuma ya Mabula, kwenye maji ya Bagalu, kilichomoza kichwa cheusi chenye jicho moja, majani ya ziwani yakining'inia masikioni! Na chini ya kichwa ikalia kengele!

Ngaa! Ngaa! Ngaa!

Mabula akageuka. Mabula akafungua mdomo. Foniksi, viazi na mama mkwe vikashuka juu ya mguu wake.

Watu wakakimbia wakipiga mayowe. Kisha, kwa kuwa Msukuma anaweza kuikimbia hatari lakini hawezi kuukosa mkusanyiko, wote wakageuka wakarudi mbio zaidi! Wa kwetu nao wakachomoka. Bernadina akaacha msiba akachomoka. Wapiga ngoma wenzangu wakachomoka. Mimi nilisimama imara kama nguzo, mpaka nilipojikuta niko kule nimebeba ngoma kichwani.

Kwa upande wa ile samba, msije mkasema haikufanya kazi. Ilivuta watu wote mpaka wa mwisho! Iliwavuta pale alipokuwa Bujiku, na Bujiku alikuwa kwa Bagalu.

Bwana Eustace alishtuka, na firimbi ilikuwa mdomoni. Pyiiii! Firimbi ikishalia imelia.

Bujiku hakujua lolote. Kioo chake kilikuwa na ukungu, aliona umati tu, umati mkubwa kuliko aliowahi kuuota. Akaanza kucheza! Akapiga miguu ya bata kwenye maji, paa! paa!, akaitikisa kengele, akatema mpira wa mdomoni akanguruma:

"Bagika, oyee!"

"Bagalu, oyee!" wakaitika, na kicheko chao nadhani kilisikika mpaka Kalangalala, Geita mjini.

Bujiku akavua miwani polepole. Akamwona Mabula anashika mguu. Akatazama upande wa pili wa ghuba, kwenye uwanja wetu, ambako kilibaki kigoda changu peke yake.

"Stanslaus!"

"Naam!" Stanslaus alikuwa mstari wa mbele kabisa wa Bagalu, anatafuna karanga. Alikuwa amekwenda kuona meno.

"Nilikuambia nini, Stanslaus?"

"Usiiachie kamba."

"Sasa?"

Stanslaus akanyoosha mkono. Kamba ilikuwa imezungushwa kwenye kiganja chake, imebanwa barabara. "Nimeiachia?"

Bagalu wakamfungua fahali. Mabula akachechemea mpaka mbele ya Bujiku, amefurahi na amevimba mguu.

"Umeshindwa, kijana. Na lile jina tulikubaliana usilitaje."

Bujiku akainamisha kichwa. Sijawahi kumwona vile, hana neno hata moja la kujisifu, samli inamtiririka usoni, au labda haikuwa samli. Nilimwonea huruma, na nilitaka kumnyonga, yote kwa pamoja.

"Baba," ilikuja sauti ya Limi. "Nauliza tu. Hawa watu wote walikuja kuangalia baiskeli?"

Mabula akakohoa.

"Maana baiskeli imelala pale," Limi akaendelea, "na bibi bado yuko chini yake. Leo aliyekushindia ng'ombe ni nani?"

Umati ukasogea kumsikiliza Mabula. Akisema ni baiskeli, amedanganya mbele ya Katibu Tarafa. Akisema ni Bujiku, Bujiku ndiye mshindi. Mabula akatazama fahali. Akatazama binti. Kisha yale meno yote yakaonekana.

"Kweli! Manju huyu ameshinda, na ameshinda kwenye uwanja wa Bagalu. Kwa hiyo ni Mgalu! Mgalu aliyeshinda nampa binti. Mgika aliyeshindwa simpi. Sema mwenyewe, kijana: wewe ni nani?"

Bujiku akatutazama sisi. Tukamtazama. Wazee wetu wakatikisa vichwa. Miaka yote ile amekula ugali wetu, ameimba nyimbo za kuwatukana Bagalu na meno yao! Akamtazama Limi.

"Mimi," alisema Bujiku, "hata nikiwa mtoto nilikuwa najisikia Mgalu Mgalu."

Tulizomea mpaka koo zikakauka. Niliumia, ndugu zangu, sifichi. Tulimpoteza manju, tukapoteza fahali, na kengele ya shaba wakaitundika kwenye uwanja wao. Mpaka leo ngoma ikianza wanaigonga, na anayeigonga ni Bujiku, maana Mabula hataki mkwe amzidi kucheza.

Harusi ilifuata. Sisi Bagika hatukualikwa. Hatukununa, tulikwenda kilimani ng'ambo ya bonde, tukawasha moto, tukapiga ngoma zetu kwa nguvu ili wasisikilizane.

Kule harusini walikuwa wamepanga kumchinja yule fahali wa ushindi. Bwana arusi mwenyewe, amevaa suti ya kuazima, anajigamba kwa wageni kwamba nyama hii ameitoa chini ya ziwa, akamkabidhi kamba ya fahali mtu anayemwamini.

"Shika hii mpaka nikuite. Usiiachie!"

"Siiachii," alisema Stanslaus.

Na Stanslaus anapenda sana ngoma.

Alifika kilimani kwetu taratibu, kamba mkononi, fahali nyuma yake. Sisi tuna mioyo mizuri. Tulimpa kigoda, tukampa kibuyu cha pombe.

"Stanslaus," nikamuuliza, "umeambiwa usiiachie hiyo kamba?"

"Ndiyo."

"Na huyu ng'ombe, kuhusu yeye umeambiwa nini?"

Stanslaus akafikiri kwa muda mrefu, maana ni mtu mwaminifu.

"Ng'ombe," alisema, "sikuambiwa kitu."

Wageni wa Bujiku walikula ugali kwa dagaa, na wanasema walimsikia akimwita Stanslaus bonde zima. Stanslaus aliitika vizuri, akarudi amenenepa, kamba imezungushwa kiganjani, imebanwa barabara, na kule mwisho wake hakuna kitu.